Kingda Ka: kwa nini walibomoa badala ya kutengeneza

Mkuu, umeuliza kwa nini Kingda Ka, rolakosta (treni ya michezo inayokimbia kwenye reli za juu) iliyokuwa na kimo kikubwa kuliko zote duniani, ilipigwa baruti kabla hata ya kufikisha miaka 20, na kama ni kweli iliua mtu. Haikuua mtu. Wengi wanaichanganya na ndugu yake wa Ohio, nitamfikia huko mbele. Mimi niko New Jersey, mji wa Jackson ilipokuwa kwangu si mbali, na niliipanda tangu enzi zake nzuri hadi msimu wa mwisho, kwa hiyo nivumilie nijibu kwa kirefu.

Kwa ambao hawakuiona: ilifunguliwa Mei 2005 pale kwenye bustani ya michezo ya Six Flags Great Adventure. Haikuwa na mizunguko wala kupinduliwa kichwa chini. Unarushwa kwenye reli iliyonyooka mpaka kilomita 206 kwa saa ndani ya sekunde tatu na nusu, unaukwea wima mnara wa mita 139, unateremka upande wa pili huku reli inakusokota, unaruka kilima kimoja cha mita 39, breki. Sekunde 28 hivi na shughuli imekwisha.

Wengi wakiisimulia wanaanzia kileleni. Kwangu utamu wote ulikuwa kabla ya hapo. Treni inatoka kituoni polepole, inasimama, halafu inarudi nyuma kidogo sana ili inase kwenye kitoroli kinachoivuta kwa chini. Unausikia mshtuko wake kwenye kiti. Mbele yako kuna mapezi ya breki yamejipanga katikati ya reli, na yote yanazama. Honi inalia. Waliokuwa wanajigamba kwenye foleni kimya, kila mtu kabana kichwa nyuma. Na bado huondoki! Kuna sekunde kama tano hivi baada ya honi, na katika sekunde hizo nimesikia watu wazima wakiita mama zao kwa lugha za kila aina.

Tuseme ukweli lakini, haikuwa laini. Ilikuwa na vile vyuma vya kushuka mabegani, na ukikaa siti za nyuma ilikuwa kama umekaa kiti cha mwisho cha basi kwenye barabara ya vumbi, masikio yanagongwa kushoto kulia. Dada zetu wenye hereni walijifunza haraka kuzivua. Wapenzi wa hivi vitu wanaoililia leo ndio haohao waliokuwa wanasema haina lolote zaidi ya kimo. Mimi nasema kimo kile kilitosha.

Sasa kilichoiua. Ile kasi haikutoka kwenye injini ya treni. Pampu zilikuwa zinasukuma mafuta ya haidroliki kwenye mitungi yenye naitrojeni, gesi inabanwa mpaka ijae nguvu, kisha inaachiwa yote kwa mkupuo. Mafuta yanakimbilia kwenye mota nyingi zinazozungusha gurudumu kubwa la winchi, winchi inavuta kebo za chuma, kebo zinavuta kitoroli, kitoroli kinavuta treni yenye watu 18. Nguvu yake ya juu ilitajwa kuwa farasi 20,800. Halafu mtambo mzima unarudia tena, na tena, kutwa nzima. Kila kitu humo kinachakaa: kebo, sili za kuzuia mafuta yasivuje, kitoroli chenyewe.

Na ilianza kuumwa mapema mno. Juni 2005, wiki chache tu baada ya kufunguliwa, bolti iliharibika ndani ya mfereji wa kebo, kebo ikaharibika, ikafungwa hadi Agosti. Mwaka 2009 ikapigwa radi, miezi kadhaa ikapotea. Mwaka 2011 ikaharibika tena majira ya kiangazi yakielekea ukingoni, ikarudi msimu uliofuata. Ongeza upepo na mvua, maana kwa kasi ile tone la maji usoni ni kokoto. Mwaka 2014 wakaupachika mnara huohuo kifaa kingine cha kudondosha watu, Zumanjaro (jina hilo Watanzania tulilicheka sana), kwa hiyo mnara ukawa unabeba mizigo miwili.

Yule ndugu wa Ohio ni Top Thrill Dragster wa bustani ya michezo ya Cedar Point, aliyetangulia mwaka 2003 kwa mtambo wa aina hiyohiyo. Agosti 2021 kipande cha chuma kilichomoka kwenye treni kikamjeruhi vibaya mama aliyekuwa kwenye foleni. Dragster haikurudi tena ilivyokuwa. Waliing'oa haidroliki, wakaweka sumaku za umeme na mnara wa pili, ikafunguliwa upya Mei 2024 kwa jina la Top Thrill 2, na baada ya siku chache tu ikafungwa kwa msimu wote kwa sababu ya mabehewa.

Hapo jiweke kwenye viti vya wamiliki. Julai 2024 kampuni ya Six Flags na ile ya Cedar Fair, wenye Cedar Point, zimeungana. Kwa hiyo mkuu mmoja anatazama mahesabu ya minara yote miwili. Mmoja umetoka kumwagiwa hela za ukarabati na haufanyi kazi. Wa pili una miaka 19 na mtambo uleule wa zamani. Tangazo lilizungumzia kupisha rolakosta mpya ya kuvunja rekodi kwa ajili ya 2026, lakini mimi naona sababu ni hesabu hiyo. Siku ya mwisho ilikuwa 10 Novemba 2024, tangazo likatoka siku nne baadaye, kwa hiyo waliopanda Jumapili ile hawakujua wanaaga. Tarehe 28 Februari 2025 asubuhi mnara ukaangushwa kwa baruti, Zumanjaro ukiwa juu yake.

Ingewezekana kuitengeneza? Kiufundi naamini ingewezekana, ila ingebaki chuma cha 2005 juu ya gharama za leo. Hata Intamin walioijenga wamehamia kwenye sumaku: Falcons Flight yao kule Qiddiya, karibu na Riyadh, inasukumwa hivyo na imeipita Kingda Ka kwa kimo na kwa kasi.

Ukitaka kuonja ule mrusho wa haidroliki, iliyobaki ni michache. Mlioko Emirati mna Formula Rossa pale Abu Dhabi, kilomita 240 kwa saa, na wanakupa miwani ya kukinga macho na mchanga. Walioko Uingereza waende Stealth, Thorpe Park. California kuna Xcelerator, ya 2002, yenye vyuma vya mapajani tu. Mimi ningeanza na hiyo, masikio yako yatakushukuru.