Barua kwa mwanangu aliye Denver

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na goti la baba yako limepoa, kwa hiyo tuingie kwenye ulichouliza. Unasema wenzako wanaofuata miungu ya kale ya Ulaya, wale wanaomwagia Odin pombe chini ya mti, wamesoma habari za vigango, zile nguzo za mti tunazowasimikia marehemu, na sasa wanataka kuwatolea sadaka koma, mizimu ya wazee wetu wa Kigiriama. Wanataka kujua wafanyeje wasikose adabu. Nawe kati ya watu wote ukaona mwenye jibu ni mama yako, mwimba kwaya wa Anglikana. Haya.

Hodi kwanza. Hilo unalijua, nimekuimbia tangu ulipokuwa ukiingia jikoni kwa jirani bila kuita. Lakini wenzako wanaulizia maneno ya kusema na kinywaji cha kumwaga, na mimi kinachonijia kichwani ni yule mama wa Kizungu.

Ulikuwa mdogo mno, sidhani unamkumbuka. Alikuja nyumbani na mwalimu mwenzangu, akalala kwetu. Jioni Tsawe wako, yaani babu yako, akamwonyesha kigango cha baba yake, akamweleza kwamba marehemu alikuwa mtu wa Gohu, kile chama cha wazee wenye heshima, na mtu wa Gohu hachomekewi kijiti tu kama sisi wengine, huchongewa mti mgumu wenye mapambo ya pembetatu. Mgeni alisikiliza kwa makini hata nikamwonea fahari. Alfajiri akatoka peke yake, miguu mitupu, na mshumaa, na maua aliyochuma kwenye ua wetu, na chupa ya divai. Akapiga magoti. Akamwaga divai. Kisha akafungua vitambaa vya zamani vilivyofungwa kwenye kigango, maana aliona vimechakaa, akafunga skafu yake ya hariri.

Hawe wako, nyanya yako, ndiye aliyemkuta. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Umemvua nguo mzee wa watu." Mimi ndiye niliyetakiwa kutafsiri, mwanangu, na mpaka leo nikikumbuka uso wa yule mama nilipomaliza, tumbo linanicheza.

Wazee waliitwa. Mgeni akatoa noti, nyingi. Tsawe akazirudisha, akasema alete kadzama, ile pombe ya mnazi ya kuwapa wazee, kama anavyoleta mtu yeyote mwenye shauri, na vitambaa virudi mahali pake. Mnazi ukaja, marehemu akaelezwa kwamba mtu huyu hakujua, asimshike. Yote hayo kabla ya saa nne, nami nilikuwa na kipindi cha hesabu shuleni. Mwishoni akauliza kama anaweza kurudi siku nyingine na kufanya kwa utaratibu. Tsawe akamwambia hapana. Hakumpa sababu. Yule mama akainamisha kichwa, akasema ameelewa, na kweli hakurudi.

Ninampenda kwa hilo. Hodi maana yake unakubali kwamba unaweza kuambiwa hakuna mtu. Wanaokuja na heshima nyingi nimewaona. Wanaokubali kukataliwa ni wachache. Hata wamisionari Krapf na Rebmann, ambao bila wao pengine nisingekuwa naimba kwaya, walipofika Rabai mwaka 1846 wazee ndio waliowapa pa kukaa. Serikali ya Kiingereza nayo mwaka 1914 haikuomba pa kukaa. Ililipua Kaya Fungo, msitu wetu mtakatifu, kwa baruti kwa sababu Mekatilili, yule mama aliyeongoza Wagiriama kuwapinga, na wenzake walikuwa wamewalisha watu kiapo mle. Hawakuelewa kitu kuhusu koma, lakini walijua vizuri pa kupiga.

Sasa usije ukawaambia wenzako kwamba mama anasema wageni ndio wabaya. Kigango kile kile kiling'olewa usiku miaka michache baadaye, na aliyeking'oa si Mzungu. Alikuwa mtu wa kwetu, aliyejua jina la marehemu na jina la baba wa marehemu, aliyekuwa ameketi kwenye kadzama ile siku ile ya mgeni. Akamuuzia dalali, dalali akawauzia wenye maduka ya vinyago vya watalii, na huko ndiko tunakokoma kujua. Tsawe wako hakutaka hata kutajiwa. Alikataa pia kuweka kingine. Alisema alichongewa kimoja, kingine kingekuwa cha nani?

Kwa hiyo ukiniambia "damu", kwamba mwenye haki ni wa ukoo tu, nitakuuliza damu ilisaidia nini. Lakini nikisema damu si kitu, nasikia sauti ya Hawe. Koma si miungu ya kuchagua kama unavyochagua kitambaa sokoni. Mulungu yuko juu, huyo ni wa wote, ndiye tunayemwita hata kwenye Biblia yetu ya Kigiriama. Koma ni babu na nyanya za watu. Wanakuja ndotoni kwa watoto wao, wanalalamika wameachwa na njaa, mtoto anaugua, ndipo wanamwagiwa mnazi na kuulizwa wamekasirikia nini. Ni ugomvi na mapenzi ya nyumba moja. Mtu wa Denver akimwita babu yangu, babu akiitika atamwambia nini? Atamdai nini? Na asipolipwa atamdai nani, kama si mimi na wewe?

Hapo nilikuwa nimefika kwenye "waambie hapana". Kisha nikakumbuka uko mji gani.

Makumbusho ya huko Denver ilikuwa na vigango 30. Mwaka 2014 ilikubali kuvirudisha kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na vingi kati ya hivyo hakuna anayejua vilitoka boma gani. Vilikaa huko miaka, vikavu, bila tone. Nikajiuliza: kama chetu kilikuwa miongoni mwao, na mmoja wa hao rafiki zako akapita pale, akamnong'oneza mzee pole bila kumgusa, ningechukia? Nimejaribu kuchukia, sijaweza. Baba yako anasema ningechukia tu kama angefungua vitambaa. Yeye hupenda kumaliza mjadala haraka.

Swali moja waulize kwa niaba yangu. Ardhi wanayokanyaga huko ilikuwa ya Wacheyenne na Waarapaho, watu waliouawa na askari kule Sand Creek mwaka 1864, na vizazi vyao wapo. Kabla ya kuvuka bahari kutafuta koma wa kwetu Kaloleni, wamekwisha bisha hodi hapo mlangoni? Na wakiambiwa hapana hapo, watafanya nini? Jibu la hilo litanionyesha mengi.

Wakitaka kuja kuona, Kaya Kinondo kule karibu na Diani inapokea wageni. Watafungwa kaniki, watapewa mtu wa kuwaongoza, wataambiwa wasichukue hata jani. Mlango upo, na wenyewe ndio waliouweka.

Kuhusu sadaka yenyewe, ulimi unaniwasha kutoa hukumu, lakini mimi nimeolewa kwenye boma hili na Tsawe hayupo. Jumamosi nitakwenda kwa wazee na swali lenu kama lilivyo. Wataniambia wanavyoona, pengine watanifukuza. Kadzama hulipa mwenye kuuliza, kwa hiyo waambie hao wenzako wachange, utume kabla ya Ijumaa, na usitume zaidi ya bei ya mnazi.

Mama yako