Karavani Iliyoyumba Kwenda, Ikatulia Kurudi

SWALI: Mhariri, assalamu alaikum. Tuna karavani, nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, ya ekseli moja, yenye uzani wa kilo 1,200 ikishapakiwa. Mwezi wa Julai tulitoka Malindi kuelekea kusini, na tulipokaribia daraja la Kilifi lori lilitupita, karavani ikaanza kuyumba kushoto na kulia hata usukani ukanitetemeka mikononi. Shemeji yangu alinihimiza nikanyage mafuta ili inyooke. Siku tatu baadaye tulirudi kwa barabara ile ile na mwendo ule ule, nayo haikuyumba kabisa. Tangi la maji la lita 200 liko nyuma kabisa, mita 2 kutoka kwenye ekseli. Tulilijaza nyumbani kwa sababu maji ya kisima cha kambini ni ya chumvi. Je, ninunue chuma cha kuzuia kuyumba?
Msomaji, Malindi

JIBU: Waalaikumu salaam. Umejijibu mwenyewe ulipotaja tangi, kwani mliporudi lilikuwa tupu. Lita 200 za maji ni kilo 200, na ikiwa kutoka kwenye ekseli hadi kwenye tufe la kuvutia, lile la chuma lililo nyuma ya gari, ni mita 4, basi maji hayo yaliinua shingo ya karavani, yaani mkono wake wa mbele unaokaa juu ya tufe hilo, kwa kiasi cha kilo 100. Watazame wachukuzi wa mikokoteni sokoni: mzigo ukielemea nyuma, mishikio hupaa na mchukuzi hubaki akining'inia. Karavani haiwezi kupaa kwa kuwa imefungwa kwenye gari, lakini shingo ikishakuwa nyepesi, msukumo mdogo wa lori au wa upepo wa kusi huusukuma mkia wake, mkia nao huvuta tako la gari, na mwendo unavyozidi ndivyo kila myumbo unavyokuwa mkubwa kuliko uliotangulia.

Wamarekani hupendekeza shingo ilemee tufe kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzani wa trela lililopakiwa; Waingereza, kwa karavani zao, hutosheka na asilimia 5 hadi 7, yaani kilo 60 hadi 84 kwa karavani yako. Kabla ya safari, ikiwa imepakiwa kila kitu, zuia magurudumu kwa mawe, kisha telemsha shingo juu ya gogo lililowekwa kwenye mizani ya kupimia watu, ikiwa katika kimo kile kile cha tufe. Usipite kikomo kilichoandikwa katika kitabu cha gari lako. Upepo wa tairi nao ukaguliwe asubuhi, tairi zikiwa baridi.

Shemeji yako, tunamwomba radhi, alikosea. Kuongeza mwendo ni kuupa myumbo nguvu zaidi, na kupigana nao kwa usukani huuchochea. Shika usukani ukiwa umenyooka, ondoa mguu kwenye mafuta, usikanyage breki ya gari kwa ghafla, na uache mwendo upungue wenyewe. Ikiwa breki za karavani zina swichi yake peke yake, ziguse hizo taratibu.

Chuma unachokitaja hupunguza myumbo mdogo tu, na kwa karavani iliyopakiwa vibaya huficha kosa mpaka mwendo uwe mkubwa zaidi, kwa hiyo kisubiri. Safari ijayo acha tangi tupu, ujaze madumu 10 ya lita 20, uyapange sakafuni juu ya ekseli na kuyafunga kwa kamba, kisha upime shingo tena.