Daraja la kwanza usiku: usingizi kwanza, karamu baadaye

Dada, umeuliza ule lini na ulale lini kwenye safari ya usiku Dubai–New York, daraja la kwanza, ukitokea Lamu. Anza na Manda, uwanja wa ndege wa Lamu. Baadhi ya ndege za hapo hutua Wilson, uwanja mwingine wa Nairobi, si Jomo Kenyatta unakopandia ndege ya Dubai. Mizigo utaichukua mwenyewe uvuke mji, na foleni ya Nairobi haijui tiketi yako ni ya daraja gani. Acha muda wa saa 5 au zaidi kati ya ndege hizo mbili.

Dubai, kula kwenye ukumbi wa kusubiri. Ndege ikishatulia angani, mwombe mhudumu akutandikie: kiti hulazwa kikawa kitanda, juu yake godoro jembamba. Mkanda ufunge juu ya blanketi. Ukiufunika, ndege ikitikisika watakuamsha waukague. Hewa ni kavu mno, weka maji karibu. Ukiamka na njaa, agiza. Chakula hakina saa maalumu.

Bafu, shirika la Emirates wanalo kwenye ndege aina ya Airbus A380, si kwenye Boeing 777. Maji ni dakika 5 tu, yafunge unapojipaka sabuni. Zamu iombe mara unapoketi, maana za karibu na kutua hugombewa.