Kitabu cha fizikia kipime kwa peni kabla hujatoa pesa

Wadogo zangu mnaoingia S5 (kidato cha tano) na PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, na nyinyi mnaoanza mwaka wa kwanza chuo, hili la vitabu naomba mlisikilize vizuri maana pesa yenyewe mzazi kaitoa kwa shida.

Nilipoingia S5 huku Arua, Uganda, nilinunua kitabu kinene cha chuo kikuu kilichotumika, nikakaa nacho temu nzima nakisoma kama gazeti, kila mstari naelewa ukiwa mbele yangu lakini nikifunga kitabu siwezi kufanya swali hata moja. Kumbe shida haikuwa fizikia, ilikuwa hesabu, kitabu kinatumia kalkulasi, ile hesabu ya vitu vinavyobadilika, tangu mwanzo na sisi tulikuwa hatujaifikia. Temu nzima imekwenda hivyo na bado inaniuma.

Siku hizi nikishika kitabu kwa muuzaji nafungua mada ninayoijua tayari. Chukua pendulamu, yaani kitu kinachoning'inia kwenye uzi na kubembea. Ile fomula ya muda wake wa kwenda na kurudi ni sahihi ukiivuta pembeni kidogo tu, ukiivuta mpaka digrii 60 muda halisi unazidi wa fomula kwa karibu asilimia 7, sasa angalia kama kitabu kinakuambia hilo au kinakutupia fomula na kunyamaza. Hata v = u + at, ile ya spidi ya mwisho kutokana na spidi ya mwanzo, mchapuko na muda, je kimesema inafaa tu pale spidi inapobadilika kwa kiwango kile kile? Na sheria ya Ohm, ile ya volti na mkondo wa umeme kupanda pamoja, kimetaja kwamba joto la waya lisibadilike? Mwandishi anayekuonyesha fomula inaishia wapi ndiye wa kukaa naye, pamfleti nyingi tunazotoa fotokopi hapo ndipo zinapotuangusha, zinasaidia kukumbuka kabla ya mtihani lakini kufundisha hazifundishi.

Halafu nenda mwisho wa sura, jaribu maswali matano ya kwanza na peni mkononi. Ukishindwa yote shuka ngazi moja, wala usione aibu, ukiyamaliza yote bila kufikiri panda, ukipata mawili matatu na mengine yanakusumbua basi hicho ndicho chako.

Kwa majina sasa. S1 mpaka S4 anza na kitabu cha mtaala mpya ulioanza 2020, na ukitaka maelezo zaidi na maswali ya ziada Abbott bado kinafaa sana. S5 na S6 kuna Nelkon na Parker, kigumu kidogo lakini ukikifanyia kazi kwa kweli hutajuta. Mwaka wa kwanza chuo, kabla hujanunua kitu tafuta University Physics ya OpenStax, iko volyumu tatu na ni bure kabisa, idaunilodi ukiwa kwenye waifai ya chuo usije ukamaliza bando nyumbani. Wengi wananiuliza mihadhara ya Feynman, yule mwanafizikia wa Marekani. Aliitoa kati ya 1961 na 1963 pale chuo cha Caltech, na kuisoma mtandaoni ni bure, naipenda mno, lakini ndani yake hakuna maswali ya mazoezi kwa hiyo isiwe kitabu chako cha kwanza, isome jioni baada ya kumaliza mada kwingine, hapo ndipo utamu wake unatoka. Na kama ni mjomba aliyeacha shule zamani anataka tu kuelewa dunia, mtafutie Conceptual Physics ya Hewitt, hesabu yake ni kidogo sana.

Kuhusu toleo la zamani, nunua bila wasiwasi kama ni mekanika au mwanga, bei yake ni ndogo kuliko jipya na nguvu bado ni nguvu. Ila ukikuta dyne na erg, vipimo vya zamani vya nguvu na nishati, kila ukurasa liache, utachanganyikiwa na vipimo bure. Na likikuambia kilo ni kipande cha metali kilichotunzwa Ufaransa, ujue hiyo ilikwisha tarehe 20 Mei 2019, sasa kilo inatokana na namba ya Planck, namba ya fizikia isiyobadilika.

Jioni ya leo funga nati kwenye uzi wa mita moja, ivute kidogo, iachie, hesabu mara kumi kwenda na kurudi kwa saa ya simu. Utapata karibu sekunde 20. Kisha ndiyo ufungue sura ya pendulamu.