Wasomaji Wanauliza: Amezikwa wapi kijana wetu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wake babu yetu alichukuliwa jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kijana ambaye hajaoa, wala hakurudi. Dada yake wa mwisho, bibi yetu, yu hai na kila mara anauliza kazikwa wapi. Tuna medali yake ya nyota. Tumelitafuta jina lake kwenye intaneti, tumelikosa. Tufanyeje? – Msomaji, Magu

JIBU: Poleni sana, na kwa umri wa bibi, msichelewe. Itazameni kwanza medali. Nyota hizo zilitolewa bila jina la askari, lakini mbele, kuzunguka taji, pameandikwa ni ya wapi. Ikisomeka Burma (nchi inayoitwa leo Myanmar), utepe wake una nyekundu pana katikati na buluu iliyokolea kandokando, kila buluu ikiwa na mstari wa rangi ya chungwa. Hapo huenda alikuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita bonde la Kabaw katika mvua za 1944 hadi mto Chindwin. Ikisomeka 1939-1945 peke yake, haiwaambii mahali. Msiisugue kwa majivu wala limau, maandishi yatafutika.

Kisha kaeni na bibi, mwandike jina alilozaliwa nalo, la ubatizo, la baba yake, na la mtemi waliyekuwa chini yake. Orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyo kwenye intaneti, ni ya bure. Ina waliofariki jeshini kuanzia 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947, hata aliyekufa kwa malaria hospitalini. Kinachowakwamisha wengi ni kutafuta jina la ukoo wanalotumia leo. Karani aliandika alivyosikia: Ng'wandu anaweza kuwa Ngwandu au Mwandu, Shija akawa Sija, L ikageuka R. Mara nyingi ni jina moja tu, kisha “mwana wa” fulani, wa Mwanza, Tanganyika. Kwa hiyo jaribuni kila tahajia, na jina la baba msilisahau. Hilo la baba ndilo litakalowathibitishia kwamba ni yeye na si mwenye jina kama lake.

Mkimpata, someni vizuri. Penye namba ya kiwanja, safu na kaburi, amezikwa hapo. Pakiandikwa mnara wa kumbukumbu, kaburi lake halijulikani, na bibi aambiwe hivyo waziwazi. Mnara wa Rangoon, wenye majina karibu 27,000, uko ndani ya makaburi ya Taukkyan, karibu na Yangon (zamani Rangoon), Myanmar. Askari wa Afrika Mashariki waliozama na meli ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944 wanakumbukwa Nairobi. Jina likiwa limekosewa, tume hupokea maombi ya kusahihisha, mradi mtume nakala za nyaraka za wakati ule. Asili zibaki nyumbani.

SWALI: Baba yangu mdogo alifia Vita vya Kagera mwaka 1979. Naye yumo kwenye orodha hiyo? – Msomaji, Sengerema

JIBU: Hayumo, orodha inaishia 1947. Ulizieni makaburi ya mashujaa ya Kaboya, wilayani Muleba. Kwa kuwa ni eneo la jeshi, msifike ghafla: tangulizeni barua yenye jina lake kamili, namba ya jeshi na kikosi, mkiambatisha barua ya serikali ya mtaa au kijiji inayoonyesha undugu wenu.