Bibi wa miaka 92 ameanza kusahau: je, ni dalili ya kifo?

SWALI: Shikamoo daktari. Bibi yangu ana miaka 92. Anaoga na kuchambua mchele mwenyewe, lakini tangu mwaka jana hurudia swali lile lile na husahau kama amekwisha kunywa dawa ya presha. Jirani anasema mzee akifikia hapo hamalizi mwaka. Je, ni kweli?

JIBU: Marahaba. Si kweli, ingawa jirani hakukosea kabisa. Mwaka 1998 watafiti wa Denmark waliwatafuta watu wote waliozaliwa nchini humo mwaka 1905, wakawapima akili na mwili zaidi ya 2,200 miongoni mwao, kisha wakafuatilia nani aliendelea kuishi. Waliopungukiwa na uwezo wa kukumbuka na kufikiri, kwa wastani, walitangulia kufariki. Lakini ndivyo ilivyokuwa pia kwa walioshindwa kujihudumia, ilhali unene na uvutaji wa sigara, katika umri huo, havikuonyesha uhusiano na vifo. Bibi anayeoga na kuchambua mchele bila msaada ana jambo kubwa upande wake, na wastani wa kundi hautaji mwaka wa mtu mmoja.

Ninachohofia zaidi ni kasi. Usahaulifu unaokuja polepole ni tofauti kabisa na kuchanganyikiwa kunakozuka ndani ya siku mbili, ambako mara nyingi huletwa na maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia au kupungukiwa na maji mwilini. Hapo usingoje kesho, mpeleke hospitali.

Apimwe pia masikio, damu, tezi ya shingo na dawa zote anazotumia. Kuhusu akili yenyewe, kipimo maarufu cha alama 30, kilichotolewa mwaka 1975, humwonea asiyesoma kwa sababu hudai kuandika na kuhesabu. Ombeni kipimo kama kile kilichotokana na utafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro, ambapo mzee hutaja wanyama wengi kadiri awezavyo, kisha hupangiwa njiti za kiberiti mezani ili aige umbo lake.

Hata hivyo, msisubiri majibu kuhusu ile dawa ya presha. Akiinywa mara mbili, presha inaweza kushuka akainuka kitandani usiku, akaanguka na kuvunjika nyonga, na kwa mtu wa miaka 92 nyonga iliyovunjika ni hatari kubwa kuliko usahaulifu wenyewe. Kuanzia leo dawa ishikwe na mtu mmoja, ampe mkononi na kumwona akimeza.