Git ikikataa kazi yako, usikimbilie --force

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Tuko waandishi wa programu wanne, tunatumia Git (programu ya kutunza historia ya kodi) kwenye seva ya ofisini kwetu Mwanza. Wawili wakipushi (wakituma kazi kwenye seva) kwa kupishana kidogo, wa pili hukataliwa: "rejected, non-fast-forward". Fundi aliyetufungia seva alisema ni hitilafu ndogo, tuongeze --force (kulazimisha). Ikakubali. Jana mwenzetu kagundua kazi yake ya siku 2 haimo tena kwenye main, tawi letu kuu. Je, seva imechoka? Tuongeze RAM?

JIBU: RAM iacheni. Seva yenu ni nzima, tena siku hiyo ni Git tu iliyokuwa na akili timamu.

Kazi ya mwenzenu kwanza. Asifute folda yake, na asithubutu kuandika git pull --rebase. Tawi la seva likishalazimishwa, amri hiyo huweza kuzihesabu komiti zake (hatua za kazi alizohifadhi kwenye Git) kuwa zilitupwa makusudi, ikazitupa kimyakimya hata kwenye kompyuta yake mwenyewe. Akiwa kwenye main yake aandike git branch okoa, komiti zipate jina la kuzishika. Kisha git fetch (kuchukua yaliyo kwenye seva), git merge origin/main (kuyaunganisha na yake), ajaribu programu, apushi kawaida.

Ikiwa folda ameshaifuta, mwangalie yule aliyelazimisha. Kwenye terminali yake kuna mstari unaoanza na alama ya kujumlisha na kuishia na "forced update". Namba ya kwanza kati ya zile mbili ndiyo komiti iliyopotea; ingieni kwenye repo (hazina ya kazi) ya seva muiundie tawi. Terminali imefungwa? Huko huko kwenye seva, git fsck --lost-found huzitafuta komiti zilizopotea. Msilale juu ya hili: kwa mipangilio ya kawaida, usafishaji wa git gc hufuta komiti zisizo na mwenyewe zikishapita wiki 2.

Sasa linalonikera. Sijui nani aliwafundisha watu kwamba "rejected" ni ugonjwa wa seva. Kila komiti hubeba namba ya iliyoitangulia, na tawi ni jina tu linaloonyesha komiti ya mwisho. Ukipushi, Git huuliza swali moja: hii mpya inatokana na ile iliyoko kwenye seva? Mwenzako akiwa amekutangulia, jibu ni hapana, nayo inakukatalia ili usimfunike. Hapo unafanya fetch, unaunganisha, mkigusa mistari ileile mnakaa wawili mnaamua, basi. --force haiunganishi chochote. Inalihamisha lile jina kwenye komiti yako, ya mwenzako inabaki yatima. Fundi wenu hakutibu kitu. Alizima king'ora nyumba ikiwaka.

Na hayuko peke yake. Wapo wanaoona index.lock (faili ya kufuli ya Git) wanaifuta bila kuuliza kama kuna Git nyingine inayofanya kazi wakati huohuo. Wapo wa chmod 777 (ruhusa zote kwa kila mtu) kwenye repo nzima, ilhali ingetosha kuiunda kwa git init --bare --shared=group na kuwaweka watu kwenye kundi moja. Wapo wa "futa folda, kloni upya" (yaani nakili repo yote tena kutoka kwenye seva), dawa yao ya kila homa. Ofisi moja niliyoitwa, kijana alikuwa amekloni upya mara 3 siku hiyohiyo, na kila mara alizika komiti ambazo hakuwa amezipushi. Hizo hata seva haikuwahi kuziona, sikuwa na la kumsaidia. Halafu watu hao hao wanasema Git ni ngumu, turudi kwenye flashi!

Kwenye repo ya seva andikeni leo git config receive.denyNonFastForwards true, na receive.denyDeletes nayo true, maana mjanja akizuiwa kulazimisha atalifuta tawi alipushi upya. Baada ya hapo --force itagonga mwamba, hata akiiandika bosi. Kwenye seva nyingine ambako kulazimisha hakukwepeki, ipo --force-with-lease tangu 2013: hukataa ikiwa tawi la seva limebadilika tangu ulipolichukua mara ya mwisho. Ila kama kihariri chako hufanya fetch chenyewe kila dakika chache, kinga hiyo nayo haipo, izimeni kwanza fetch hiyo ya kihariri.